Namna ya kumngoja Bwana: niliyojifunza kambi ya dagaa

Tajiri wetu hakuwahi kupiga simu kabla ya kuja. Nilikaa kisiwani miaka tisa, upande wa Ukerewe, Ziwa Victoria, mingi yake nikisimamia kambi ya dagaa yenye mitumbwi minne, na sikumbuki hata siku moja aliyotuambia "nakuja Jumamosi". Ungeamka ukamkuta ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, anatazama vichanja vya kuanikia dagaa. "Shikamoo bosi." "Marahaba. Lete daftari."

Leo nauza dagaa soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, na Jumapili nafundisha vijana kanisani kwetu Igombe. Swali lao ni lile lile: "Mzee, mtu anakaaje tayari kwa kurudi kwa Yesu bila kuishi kwa hofu, na bila kujisahau?" Nawajibu kwa habari za kambi, maana theolojia yangu niliisomea kule. Mathayo 24, kuanzia mstari wa 45, Yesu anasimulia bwana aliyeondoka na mtumwa aliyeachiwa watu wa nyumbani awaangalie. Huyo mtumwa nilikuwa mimi.

Kwanza, achana na kupiga hesabu za tarehe. Mstari wa 36 umeshafunga mjadala: siku ile anaijua Baba peke yake. Lakini watu hawakomi. William Miller kule Marekani alipekua kitabu cha Danieli, wafuasi wake wakangoja Oktoba 22, 1844, kukapambazuka kama siku zote. Harold Camping, mhubiri wa redio huko huko Marekani, akataja Mei 21, 2011. Hiyo ilitufikia mpaka kisiwani, na Mei 21 kwa watu wa Mwanza ina uzito wake, ndiyo siku meli ya MV Bukoba ilizama mwaka 1996. Mwezi mpevu ulikuwa umepita, giza la jioni linarudi, tunajiandaa kuingia ziwani. Kijana mmoja wa kuvuta nyavu akagoma kushona wavu uliochanika. "Bosi mdogo, nishone wa kazi gani?" Jumapili asubuhi alikuwa na njaa kuliko sisi sote, na wavu una tundu la kupita mbuzi. Paulo aliwakuta Wathesalonike na ugonjwa huo huo, akawaandikia kwamba asiyetaka kufanya kazi asile. Sisi tulimpa ugali. Ila alishona kwanza.

La pili, na hapa nitakaa kidogo: mafuta hujazwa jua likiwa bado lipo. Siku hizi ziwani ni betri na taa za sola, lakini mimi nilianza na karabai. Dagaa huvuliwa usiku wa giza. Taa inaelea juu ya boya, dagaa wanaufuata mwanga, ndipo wavu unazungushwa. Taa ikififia saa nane usiku wanatawanyika, na kazi ya usiku mzima imekwenda na maji. Basi kila siku saa kumi jioni tulikaa chini ya mti na dumu la mafuta ya taa: unamimina, unakagua kile kisoksi kinachotoa mwanga kama hakijatoboka, unapampu, unawasha kidogo, unazima, unashika nyingine. Kazi ya kuchosha, na hakuna anayekusifu kwa hiyo.

Usiku mmoja mtumbwi wa kambi jirani ulitusogelea, wakaomba mafuta. Tuliwanyima, wala hatukuwa na roho mbaya. Yetu yalitosha kufika alfajiri tu. Tungegawana, taa zote zingezimika. Tangu usiku ule niliacha kuwashangaa wale wanawali watano wa Mathayo 25 waliowanyima wenzao mafuta. Halafu angalia jambo ambalo wahubiri wengi hulipita haraka: wote kumi walisinzia. Wenye busara nao walilala usingizi. Tofauti yao ilikuwa kwenye vyombo vya mafuta.

Kwa hiyo usijitese ukidhani kuwa tayari ni kukaa na msisimko usiku na mchana. Tafuta saa yako ya kujaza, iwe ile ile kila siku, kabla shughuli hazijakushika. Yangu ni saa kumi alfajiri, kabla ya kwenda kutafuta daladala: sura moja, maombi, majina ya wanangu na ya watu ninaowadai. Hao wa mwisho ndio wagumu kuwaombea. Simu inabaki chumbani. Na kila mwezi, mbalamwezi ikiisha na giza jipya la uvuvi linapoanza, nasoma tena Mathayo 24 na 25 zote mbili. Usitegemee mafuta ya mama yako wala ya mchungaji. Wanakupenda, lakini saa nane usiku hayagawanyiki.

Sasa daftari. Mwaka wangu wa nne niliuza ndoo tatu za dagaa kwa mtu wa boti, hela nikatia mfukoni. Nilijiambia tajiri mwezi wa pili huu hajaonekana, na anachonilipa ni kidogo. Soma mstari wa 48 uone yule mtumwa mbaya anavyoanza. Kabla ya kupiga wenzake na kunywa na walevi, alisema moyoni tu kwamba bwana wangu anakawia. Tajiri alifika siku nne baadaye. Akapitisha kidole kwenye mistari, kikasimama pale pale.

"Hizi tatu zimekwenda wapi, kijana?"

"Zilioza bosi, mvua."

Akageuka akatazama vichanja, vikavu kama kuni. Wiki mbili nzima hatukuwa tumeona tone. Hakunifokea. Alimpa daftari mwenzangu, mimi nikarudi kuvuta nyavu misimu miwili mizima, nikiamrishwa na mtu niliyemfundisha kazi mwenyewe.

Ndiyo maana nawaambia vijana wawe na daftari kweli, la karatasi. Kila jioni mistari mitatu: nimemkosea nani, nina deni la nani, leo nimepewa nini. Hata deni la vocha ya elfu moja liandike. Uliyemkosea mpigie kabla hujalala, maana ukingoja kesho utakuwa umeshapata sababu za kuonyesha yeye ndiye mwenye kosa. Ukurasa ukikushinda usiuchane. Ungama, rudisha cha watu, fungua ukurasa unaofuata.

Kuhusu biashara ni fupi. Dagaa wanaoanikwa chini wanabeba mchanga, na mchanga una uzito kwenye mizani. Siwezi kuimba Bwana yu karibu Jumapili, Jumatatu nikamuuzia mama wa watu mchanga kwa bei ya dagaa. Nachekecha. Hasara yake naijua kwa kilo.

Watu hudhani imani hufia kwenye dhoruba. Kwa niliyoyaona mimi, hufia kwenye mbalamwezi. Mwezi ukiwa mpevu taa haivuti dagaa, kambi inapumzika wiki moja na zaidi. Ndipo karata zinatoka, pombe inavushwa kutoka ng'ambo, na simu za nyumbani hazipokelewi. Tajiri wetu alizipenda siku hizo kuja! Basi panga mapema utafanya nini wakati huna la kufanya: likizo, baada ya mtihani, biashara ikilala. Sisi tulishona nyavu na kuziba mitumbwi, na wawili kati yetu tukaanza kusali pamoja kila jioni, kwa sababu kanisa lilikuwa mbali. Nyimbo tulizojua wote wawili zilikuwa nne. Tuliimba hizo hizo nne mpaka kambi nzima ikazijua, na wengine wakaanza kukaa.

Mwisho, hofu. Kuna wahubiri wanaoitaja MV Bukoba ili watu watetemeke na kuja mbele. Sipendi. Kila familia ya rika langu hapa ina jina la mtu aliyebaki majini siku ile, na nimewaona vijana waliokuja mbele kwa woga wakirudi nyuma woga ulipopoa. Kambini, injini ya boti ya tajiri ikisikika nyuma ya miamba, wenye ndoo tatu mfukoni ndio waliokimbilia daftari. Mpishi wetu alikuwa akisikia ngurumo ile anaongeza maji kwenye sufuria ya uji, anatafuta kikombe kisicho na ufa.