Kufunga mota ya umeme kwenye boti ndogo ya uvuvi, kuanzia dukani hadi majini

“Fundi, imeandikwa 55. Si ndiyo hospawa hizo?”

Mzee aliyeniuliza hivyo alikuwa ametoka Igombe, mota iko begani, bado na nailoni zake za dukani. Nilimwamkia, nikampa kigoda, kisha ikabidi nimwambie ukweli. Hiyo 55 ni paundi za msukumo. Mota ya namna hiyo ikifunguliwa hadi mwisho hula ampea 50 hivi kwenye volti 12, yaani wati 600, na hospawa moja ni wati 746. Kwa hiyo mzigo aliobeba haukufika hata hospawa moja.

Alinuna. Lakini tuliifunga, na mpaka leo anaitumia. Nitaeleza hapa tunavyofanya, kwa boti ya faiba ya mita nne hivi na kwa mtumbwi wa mbao wenye ubao bapa nyuma, kama ile tunayoitumia huku Mwanza.

Hatua ya 1: Jua kazi yake kabla ya kutoa pesa

Mota ya umeme haikupeleki Ukerewe. Unakwenda kwa petroli, ukifika kwenye mawe unazima injini, unashusha ya umeme, na hapo ndipo inapoanza kula ujira wake. Inaishikilia boti isisukumwe na upepo wakati unashusha mshipi mahali ambapo nanga ingenasa kwenye miamba. Inakusogeza kando ya matete bila kishindo, sato hashtuki. Unaweza pia kurambaza nayo, kama wasemavyo wenzetu wa pwani, chambo kikiburutwa nyuma kwa mwendo wa mtu anayetembea taratibu.

Kama unataka kitu cha kurudisha dagaa mwaloni huku upepo wa mchana unavuma, tafuta injini ya petroli. Na makasia yabaki ndani ya boti, hata ukiwa na mota mbili.

Hatua ya 2: Pima uzito, kisha chagua msukumo

Kanuni inayotumiwa sana ni hii: kwa kila kilo 45 za uzito wote, paundi 2 za msukumo. Uzito wote ni boti, watu, injini ya petroli, mafuta, betri, barafu na samaki unaotarajia kuwapata.

Boti ya faiba kilo 120, watu wawili 150, injini 40, betri 30, vifaa na barafu 60: jumla kilo 400. Gawanya kwa 45, zidisha kwa 2, unapata paundi 18 hivi. Hicho ni kiwango cha chini kwenye maji yaliyolala, na ziwa letu hulala asubuhi tu. Mimi kwa boti hiyo nafunga ya 40 au 45. Mtumbwi wa mbao uliolowa vizuri, ukijaa, unaweza kufika tani moja. Kanuni inatoa 44, basi chukua 55. Ukivuka hapo kwa kawaida unaingia kwenye mota za volti 24, maana yake betri mbili, na gharama nayo inapanda mara mbili.

Ukiwa dukani uliza pia jinsi mwendo unavyorekebishwa. Zipo zenye gia tano za mbele, na zipo ambazo unazungusha mpini na mwendo unapanda bila ngazi. Zile za gia zikiwa kwenye mwendo mdogo hupoteza sehemu ya umeme kama joto. Za kielektroniki hukatakata umeme kulingana na unavyohitaji, kwa hiyo betri inadumu zaidi, na kazi yetu nyingi ni ya mwendo mdogo. Kama mfuko unaruhusu, hapo ndipo pa kuongeza pesa, kabla hujafikiria paundi zaidi.

Kwa anayevua baharini, Tanga, Lamu au kwingineko, nunua iliyotengenezwa kwa maji ya chumvi, yenye kipande cha zinki kinacholiwa na kutu badala ya mota. Ya maji baridi ukiipeleka baharini haitakaa.

Hatua ya 3: Urefu wa shafti

Shafti ni ule mti mrefu wa mota, wenye propela chini na kichwa chenye mpini juu. Ipakie boti kama unakwenda kuvua. Pima kutoka juu ya ubao wa nyuma hadi usawa wa maji. Ongeza sentimita 50: 30 za kuizamisha mota hadi ncha za propela ziwe sentimita 15 au zaidi chini ya maji, na 20 za kubaki juu ya kibano ili kichwa kizunguke. Ubao ukiwa sentimita 35 juu ya maji, unahitaji 85. Madukani shafti huwa za inchi 30, 36 na 42, na hapa ya 36, yenye sentimita 91, ndiyo yako. Ya 30 itapiga mapovu kila wimbi likipita.

Mtumbwi wenye ubavu mrefu husumbua. Usiunge shafti. Punguza kimo kwa kufunga kipande cha ubao nje ya tezi, yaani nyuma ya mtumbwi, chini kidogo, na uibane mota hapo.

Hatua ya 4: Betri

Hapa ndipo watu wengi huharibikiwa. Wanachukua N70 ya gari, inafanya kazi wiki mbili, kisha wanailaumu mota. Betri ya gari imetengenezwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache na kujazwa papo hapo. Ukiikausha kila siku, sahani zake zinakufa. Tafuta betri ya kushusha taratibu, ile ambayo madukani huitwa betri ya sola, ya ampea-saa 100 na kuendelea.

Betri ya risasi usiishushe chini ya nusu. Ikitulia bila kazi, volti 12.7 ni kujaa, 12.2 ni nusu, rudi nyumbani. Kwa hiyo katika 100 una 50 za kutumia. Ukifungua mota hadi mwisho, ampea 50, hesabu ya karatasi inasema saa moja, lakini betri ya risasi ikinyonywa kwa nguvu hutoa pungufu ya ilichoandikiwa. Usitegemee saa hiyo itimie. Kwa mwendo mdogo, ampea 15, unapata zaidi ya saa tatu, na hiyo ni asubuhi nzima ya uvuvi.

Lithiamu ya chuma-fosfati yenye ujazo huohuo unaitumia hadi asilimia 80 bila kuiumiza, na uzito wake ni kama nusu au chini ya hapo. Ni ghali. Ukiinunua, hakikisha saketi yake ya ulinzi inaruhusu ampea 50 mfululizo, la sivyo itajizima katikati ya upepo.

Kuchaji kwa sola kunawezekana, ila hesabu vizuri. Paneli ya wati 100 ikitoa ampea 5 au 6 jua likiwa kali, ampea-saa 50 zinahitaji karibu siku mbili za jua zuri. Anayevua kila siku anahitaji paneli mbili, au chaja ya umeme wa nyumbani.

Hatua ya 5: Kuibana kwenye boti

Ubao wa nyuma wa faiba nyembamba huvunjika ukiubana peke yake. Weka ubao wa mvule au mbao nyingine ngumu ndani na nje, toboa, pitisha bolti za stenilesi zenye washa pana, na upake silikoni kila tundu. Tundu lisilozibwa hulowesha kiini cha mbao kilicho ndani ya faiba, na hutajua mpaka kimeoza.

Kabla ya kutoboa, inua injini ya petroli, ishushe, ikunje kushoto na kulia hadi mwisho. Mota isiguse popote. Kisha kaa unapokaa ukivua na unyooshe mkono: mpini uufikie bila kugeuza kiuno. Wengi huku huishia upande wa kushoto wa injini.

Unaweza pia kuifunga omo. Kuvuta boti ni rahisi kuliko kuisukuma, na upepo hauigeuzi pua ovyo. Baadhi ya mota za nyuma huruhusu kichwa kufunguliwa skrubu na kugeuzwa nusu mzunguko kwa kazi hiyo, lakini huko mbele boti inarukaruka, kwa hiyo ongeza urefu wa shafti.

Kaza vibano kwa mkono, kisha funga kamba kutoka kwenye kibano hadi kwenye pete ya boti. Mota yangu ya kwanza ipo chini ya ziwa kwa sababu ya kamba ambayo sikuifunga. Vibano vililegea kidogo kidogo kwa mtikisiko, nikasikia “chubwi”, basi.

Hatua ya 6: Waya

Mwaka 1934 kule Fargo, North Dakota, O.G. Schmidt alichukua starta ya Ford Model A akaigeuza kuwa mota ya kusukuma boti. Ukikumbuka kwamba ukoo wa kifaa hiki unaanzia kwenye starta, hutakosea waya. Nani huwasha starta ya gari kwa waya wa taa?

Mota huja na waya wake. Betri ikikaa karibu, usiongeze kitu. Ukitaka betri ikae mbele ili boti isilale nyuma, tumia waya laini wa shaba wa milimita za mraba 16. Betri ikiwa mita 3 kutoka kwenye mota, umeme unasafiri mita 6, kwenda na kurudi. Kwa ampea 50 waya wa 16 unapoteza theluthi moja ya volti. Ule wa nyumbani wa 2.5 unapoteza zaidi ya volti 2, na zote zinageuka joto, pengine jirani na galoni la petroli.

Weka breka ya ampea 60, ile swichi inayojikata yenyewe umeme ukizidi, kwenye waya wa chanya, isizidi shibiri moja kutoka kwenye betri. Kazi yake ni siku wavu utakapojiviringisha kwenye propela. Mota ikizuiwa kuzunguka, ampea hupanda ghafla, na bila breka kitakachokatika ni waya wenyewe. Vichwa vya waya vibinywe kwa koleo lake. Kusokota kwa mkono na kuzungushia selotepu hakukubaliki.

Unganisha chanya kwanza, hasi mwisho, na breka ikiwa imezimwa. Ukigeuza nyaya, mota ya gia itazunguka kinyume tu, lakini ya kielektroniki inaweza kuungua. Betri iwe ndani ya boksi lenye matundu ya hewa na lifungwe kwa mkanda, kwa sababu betri ya risasi hutoa hewa inayolipuka ikichajiwa. Ichajie nje.

Hatua ya 7: Jaribio

Ingia kwenye maji ya kiunoni. Usiiwashe kwa muda mrefu nchi kavu. Maji ndiyo yanayoipoza. Fungua hadi mwisho kwa dakika tano, kisha shika kila kiungo cha waya. Kinachochoma mkono kirudie. Mota ikiwa bado inavuta, pima volti kwenye betri, halafu mwisho wa waya. Tofauti ikizidi nusu volti, kuna mahali pamelegea.

Hatua ya 8: Ukirudi

Suuza, toa magugu maji, chaji usiku huohuo. Kila wiki fungua nati ya propela na uangalie mhimili, kwa kuwa uzi wa mshipi hujificha pale nyuma, unakata sili, yaani mpira unaozuia maji, maji yanaingia kwenye mota taratibu na hakuna dalili mpaka izime. Ukiitoa propela, shika mkono wako chini yake. Kuna pini ndogo ya chuma inayopenya mhimili, na hiyo huteleza ikaangukia mchangani. Nunua tano, moja iwe kwenye boksi la ndoana.