Kupima sonona ya mzazi siku ya chanjo

Mzazi wa Tandahimba au Ruangwa, huku kusini mwa Tanzania, haji zahanati kusema ana sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha. Anakuja kwa kichwa kuuma, kwa moyo kwenda mbio, kwa maziwa kutotoka, au haji kabisa mpaka mtoto afikie chanjo. Basi mpimie hapohapo kwenye chanjo. Wiki ya 6, ya 10 na ya 14 atarudi, na hata msimu wa korosho ukimpeleka shamba, chanjo humrejesha kuliko miadi yoyote ya ushauri utakayompa.

Usikimbilie kumpima siku za mwanzo. Wazazi wengi hulialia na kuwa wepesi wa hasira kuanzia siku ya tatu hivi, na hali hiyo huisha yenyewe ndani ya wiki mbili kwa kupumzika na kusaidiwa kazi. Ikivuka wiki mbili, hiyo si ya kusubiri.

Foleni ikiwa ndefu, anza na maswali mawili: kwa wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi amekosa hamu ya mambo aliyokuwa akiyapenda, na ni mara ngapi amejisikia mnyonge au kukata tamaa? Kila jibu lina alama 0 hadi 3. Jumla ya majibu mawili ikifika 3, endelea na dodoso la Edinburgh, lililotungwa Uskoti na kuchapishwa mwaka 1987. Lina maswali 10 yanayohusu siku 7 zilizopita, na jumla ni 30. Hapa ndipo hesabu huharibika: swali la 1, 2 na la 4 huhesabiwa 0 hadi 3 kutoka jibu la juu kwenda la chini, yaliyobaki huhesabiwa kinyume, 3 hadi 0. Ukiyajumlisha yote kwa mpangilio mmoja, mgonjwa anaonekana mzima.

Tumia tafsiri ya Kiswahili iliyochapwa, usitafsiri papo kwa papo. Asiyejua kusoma, msomee taratibu, neno kwa neno, bila kumchagulia jibu. Na asisomewe kwenye benchi mbele ya mama mkwe. Mwombe bibi ampeleke mtoto kwenye mizani, halafu ingia na mama chumbani. Dakika kumi zinatosha. Swali la usingizi ndilo linalopotosha zaidi, kwa sababu hakuna mwenye kichanga anayelala vizuri. Uliza hivi: “Mtoto akilala na wewe una nafasi ya kulala, usingizi unakuja?” Anayekodoa macho dari huku mtoto anakoroma amekujibu.

Alama 10 hadi 12, rudia baada ya wiki mbili. Kuanzia 13, afanyiwe uchunguzi kamili, maana dodoso halitoi jina la ugonjwa. Pima damu yake pia: upungufu wa damu baada ya uzazi huleta uchovu na unyonge unaofanana sana na sonona, na mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili. Uliza kama anapigwa nyumbani. Uliza vilevile kama ameshaambiwa kambemenda mtoto, yaani kamdhoofisha kwa kulala na mwanamume akiwa bado ananyonyesha. Mtoto asipoongezeka uzito, lawama hiyo humwangukia mama, na ndiyo anayoilia usiku.

Swali la 10, la kutaka kujidhuru, halina jumla. Jibu lolote juu ya 0 linashughulikiwa siku hiyohiyo hata kama alama zote ni 4. Muulize waziwazi kama amefikiria namna ya kufanya na kama kifaa kiko nyumbani; kuuliza hakumwingizii wazo hilo kichwani. Kwetu kusini, kifaa mara nyingi ni dawa ya kupulizia mikorosho iliyowekwa uvunguni. Mwambie ndugu aihamishie nyumba nyingine leo, na mama asiachwe peke yake.

Asiyelala kabisa lakini hachoki, anayesikia sauti, au anayesema mtoto huyu si wake, amebadilishwa, huyo ni dharura. Hali hii huanza zaidi wiki mbili za kwanza. Familia itataka kwenda kwa mganga kwanza. Usibishane nao kuhusu majini. Sisitiza tu kwamba mama na mtoto wasiachwe wawili peke yao, na gari liende hospitali ya rufaa ya mkoa, Ligula kwa Mtwara au Sokoine kwa Lindi.

Kwa sonona nyepesi na ya wastani, mazungumzo yenye mpango ndiyo tiba ya kwanza, na mhudumu wa afya ya jamii aliyefundishwa na anayesimamiwa anaweza kuyaendesha nyumbani, mara moja kwa wiki. Kikao kizuri hakijai nasaha. “Jikaze, wenzako wanazaa” ni sumu. Chagueni jambo moja dogo alilolipenda na lililokufa, kwa mfano kusuka ukili na jirani. Mpange siku, saa, muda usiozidi robo saa, na nani atamshika mtoto. Hilo la mwisho likikosekana, mpango umekufa. Kikao kinachofuata anzeni hapo: alifanya? Alijisikiaje kabla na baada? Kama hakufanya, mpango ulikuwa mkubwa, upunguzeni. Kisha ndiyo muende kwenye wazo linalomrudia, kama “mimi si mama”, mlipime kwa alichokifanya jana: nani alimnyonyesha, nani alimwogesha?

Mwite mume kikao kimoja, umpe kazi inayoonekana: kuchota maji, kushika mtoto jioni. Kungwi aliyemcheza mama unyago naye ni msaada, kama mama mwenyewe anamtaka.

Rudia dodoso kila baada ya wiki mbili. Alama zisiposhuka baada ya mwezi, au zikiwa juu sana tangu mwanzo, daktari aamue kuhusu dawa. Sertralini, dawa ya sonona, hupita kidogo sana kwenye maziwa, kwa hiyo anaendelea kunyonyesha. Mwambie mapema kwamba nafuu huchukua wiki mbili hadi nne, la sivyo ataacha siku ya tano. Amitriptilini, dawa nyingine ya sonona, ikimezwa nyingi huua. Mwenye mawazo ya kujidhuru asipewe ya mwezi mzima. Akipona, dawa huendelea angalau miezi 6, na huachwa kidogo kidogo.

Andika kwenye kadi yake ya kliniki kwamba aliugua sonona. Ujauzito ujao hatari ya kurudi ni kubwa, na muuguzi atakayempokea huenda asiwe wewe.