Turubai Likishashushwa: Jinsi ya Kuzipitia Siku za Baada ya Msiba

Dar es Salaam inajua kuzika. Ndani ya saa chache kamati imekaa, daftari la rambirambi limefunguliwa na viti vimeshapangwa. Shida huja tanga likishaanuliwa: viti vinapakiwa kwenye kirikuu, ndugu wanapanda mabasi kurudi mikoani, na mfiwa anaachiwa nyumba. Maelekezo haya yanaanzia hapo.

Kwanza dawa. Mwenye presha au kisukari hukosa dozi msibani, kwa kuwa analala mkekani na wageni, dawa ziko chumba kingine, na siku nzima anashindia chai ya sukari na wali. Siku za mwanzo baada ya kufiwa na mtu wa karibu, hatari ya mshtuko wa moyo hupanda. Pima presha na sukari wiki hiyohiyo, hata kama hujisikii vibaya.

Njaa usiisubiri, haitakuja. Kunywa uji asubuhi, kula nusu sahani mchana, jioni supu au ndizi. Usingizi nao una njia yake: amka saa ileile kila siku hata kama usiku ulikuwa mbaya, na mchana usijilaze zaidi ya nusu saa. Vidonge vya usingizi visivyoandikwa na daktari viache dukani. Daizepamu mwili huizoea ndani ya wiki chache, na ukiikatiza ghafla usingizi huharibika kuliko mwanzo. Pombe hulaza, kisha hukuamsha saa tisa usiku ukiwa na mawazo maradufu.

Wanaokuambia "tupo pamoja" wape kazi zenye jina. Huyu awapeleke watoto shule, yule asimamie dawa, mwingine ashughulikie karatasi. Wageni wasije wote siku tatu kisha wapotee. Panga zamu, mtu mmoja kila baada ya siku mbili, hadi arobaini. Ukiwa umeajiriwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa siku 4 za likizo yenye malipo ukifiwa na mwenza, mtoto, mzazi, babu au bibi, mjukuu au ndugu wa kuzaliwa naye. Hazitoshi, kwa hiyo zungumza na msimamizi wako mapema kuhusu likizo ya mwaka.

Sasa huzuni yenyewe. Mwaka 1999 watafiti Margaret Stroebe na Henk Schut walieleza kwamba mfiwa huenda na kurudi: mara anamlilia marehemu, mara anashughulika na maisha, na anahitaji yote mawili. Kwa vitendo, tenga dakika 20 hadi 30 kila jioni. Tazama picha, lia, ongea naye. Muda ukiisha simama, fanya kazi ya mikono: fua, chambua mboga, fagia uwanja. Muda huo usiwe kabla tu ya kulala. Kilio kikikushika ndani ya daladala kwa sababu kondakta ametaja kituo cha marehemu, shuka, kaa pembeni, vuta pumzi kwa hesabu ya 4 na kuitoa kwa hesabu ya 6, mara kumi.

Atakuja mtu wa kukuambia ujikaze, mwanaume halii. Mtume alimlilia mwanawe Ibrahim, na Yesu alilia kwenye msiba wa Lazaro. Inatosha kumjibu hivyo.

Watoto waambiwe "amefariki". Ukisema amesafiri, mtoto atamsubiri mlangoni. Ukisema amelala, ataogopa kulala.

Karatasi hazingoji. Kifo kisajiliwe RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, ndani ya siku 30, na cheti kitolewe nakala kadhaa. Pesa za marehemu za benki au za simu usizitoe kwa namba yake ya siri, hata kama unaijua, maana ugomvi mwingi wa mirathi huanzia hapo. Subiri msimamizi wa mirathi athibitishwe na mahakama. Mjane aliye edani, miezi 4 na siku 10, amteue mtu wa kumzungukia ofisini. Laini ya marehemu ikikaa kimya muda mrefu kampuni huiuza tena, na siku moja utaona sura ya mtu baki kwenye namba ya mama yako. WhatsApp nayo hufuta akaunti iliyolala siku 120, basi sauti zake zihamishie simu nyingine mapema.

Kama kaburi liko mkoani, chagueni siku moja ya mwezi ya kumsomea dua au kumfanyia sala hapa hapa mjini.

Miezi 6 ikipita na bado huwezi kufanya kazi, kula wala kuongea na watu kwa kumtamani yeye, Shirika la Afya Duniani linaihesabu hali hiyo kuwa ugonjwa unaotibika. Anzia kituo cha afya uombe rufaa; Muhimbili wana idara ya afya ya akili. Anayesema anataka kumfuata marehemu asisubiri hata kesho: asiachwe peke yake, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.