Yai zima kwa mtoto wa miezi sita: namna ya kulianzisha na kulipika

Tumbo la mtoto wa miezi saba ni dogo. Mlo wake hauzidi nusu kikombe, na uji mtupu huujaza nafasi hiyo upesi bila kumwachia cha kujengea mwili. Yai moja la kawaida likimenywa lina gramu 50 hivi, na ndani yake mna gramu 6 za protini pamoja na mafuta, vitamini A, B12 na kolini ambayo ubongo unaokua unaihitaji sana. Kolini karibu yote imo kwenye kiini. Zaidi ya nusu ya protini imo kwenye ute. Ndiyo maana somo hili ni la yai zima. Desturi ya kumpa mtoto kiini tu na kuusubirisha ute hadi afikishe mwaka ilitokana na hofu ya mzio (aleji). Ushauri huo umeshabadilika: kuchelewesha ute hakumkingi mtoto, na kuanza mapema kwa yai lililoiva vizuri kunaonekana kupunguza mzio wa yai.

Awe ametimiza miezi sita, shingo imekaza, anakaa akiegemezwa, na ameshaonja uji, ndizi au viazi kwa siku chache. Mwenye pumu ya ngozi iliyo kali, au aliyewahi kudhurika na chakula kingine, apelekwe kwanza kwa mhudumu wa afya.

Hatua ya 1: Kuchagua yai

Lenye ufa usimpikie mtoto, hata ufa uwe mwembamba kama unywele. Ukiwa tayari kupika, litumbukize kwenye bakuli la maji. Likilala chini ni jipya, likisimama lina siku kadhaa, likielea liache. Ganda lina vitundu. Kadiri siku zinavyopita unyevu wa ndani hupotea na hewa huingia. Lakini jaribio hili hupima umri peke yake. Yai la leo asubuhi nalo linaweza kuwa na bakteria wa salmonela.

Usioshe trei nzima ukifika nyumbani. Maji huondoa utando unaoziba vile vitundu, na uchafu hupata njia ya kuingia. Lenye kinyesi lifute kwa kitambaa kikavu, ulioshe pale unapolipika, kisha nawa mikono kwa sabuni.

Hatua ya 2: Kuchemsha

Maji yalifunike yai kabisa. Yakianza kutokota, punguza moto kidogo na uhesabu dakika 10 hadi 12. Hizo zinatosha Dar es Salaam au Mombasa. Nairobi na Njombe ziko juu, maji huchemka kwenye nyuzi 93 au 94 badala ya 100, kwa hiyo ongeza dakika 2 au 3. Ukilikata, kiini kiwe kikavu hadi katikati. Ukiona duara la kijani kuzunguka kiini, ni chuma na salfa vimekutana kwa sababu ya moto mwingi, halina madhara.

Hatua ya 3: Kuponda

Hapa ndipo wengi wanakosea. Kiini kikavu hunata kwenye kaakaa, mtoto anakohoa, halafu inasemwa kuwa hapendi yai. Ponda yai lote kwa uma, ute ukibaki na vipande usugue kwenye chujio. Ongeza vijiko vikubwa 2 vya maziwa ya mama yaliyokamuliwa, au maji yaliyochemshwa, hadi mchanganyiko uteleze polepole kutoka kijikoni. Viazi lishe vilivyopondwa au parachichi huchanganyika nalo vizuri. Chumvi usiweke. Asali ni marufuku kabla ya mwaka mmoja.

Hatua ya 4: Siku ya kwanza na wiki inayofuata

Anza asubuhi au mchana ili upate muda wa kumwangalia, mtoto akiwa hana homa, na siku hiyo asipewe chakula kingine kipya. Mpe robo kijiko cha chai, usubiri dakika 10 hadi 15. Akiwa salama, mwongezee hadi kijiko kimoja, kisha uwe naye karibu kwa saa mbili. Kesho vijiko viwili, keshokutwa robo ya yai, na polepole hadi nusu kisha yai zima kadiri anavyotaka mwenyewe.

Akishalizoea usiliache. Apate mara kadhaa kwa wiki, na kama uwezo upo, kila siku. Kumwonjesha mara moja na kurudia baada ya miezi miwili si kumzoesha.

Vipele vya kuwasha, uvimbe wa midomo au macho, au kutapika kunakofuata mara baada ya kula: acha yai na umpeleke kituo cha afya. Akipumua kwa mlio, akilegea au kubadilika rangi, kimbia hospitali saa hiyo hiyo.

Kuhusu uji wa yai

Kuvunjia yai kwenye uji ulioepuliwa ni hatari: ute huganda kwa nje na kubaki mbichi ndani ya mabonge. Uache uji uive kwanza. Piga yai 1 kwa kila kikombe cha uji, chota vijiko vitatu vya uji wa moto uvimimine kwenye yai huku ukikoroga, kisha rudisha vyote sufuriani. Utokote dakika 3 hadi 5 bila kuacha kukoroga. Ukikatika mabonge, ulimimina yai kwa haraka. Uji huu usiuweke kwenye chupa ya chai hadi jioni, maana uvuguvugu huzalisha bakteria.

Maswali ya wanachama

*Mama mkwe anasema mtoto akila mayai atachelewa kuzungumza. Nifanyeje, nisimvunjie heshima?*

Dada, yai halicheleweshi usemi. Mtoto anayechelewa kuongea apimwe masikio. Nenda na mama kliniki siku ya kupima uzito ili alisikie kwa muuguzi; huwa inapokelewa vizuri zaidi kuliko likitoka kwako.

*Ya kienyeji au ya kisasa?*

Lolote, ndugu. Rangi ya kiini hutokana na chakula cha kuku: majani na mahindi ya njano hukoleza. Protini hazitofautiani sana, ila yai la kienyeji mara nyingi ni dogo. Kama bei ya moja la kienyeji inakupa mawili ya kisasa, chukua mawili.

*Mwanangu alitoka vipele baada ya yai. Bado miezi miwili achomwe chanjo ya surua. Niiache?*

Usiiache. Chanjo ya surua hupewa hata watoto wenye mzio wa yai. Ya kumwambia muuguzi mapema ni ya homa ya manjano, kwa kuwa hiyo ina protini za yai. Na yai lenyewe usilijaribu tena nyumbani kabla ya daktari kumwona.

*Akila yai kila siku hatadumaa?*

Linasaidia pale linapoziba pengo. Huko Ecuador, katika jaribio lililochapishwa mwaka 2017, watoto walioanza wakiwa na miezi 6 hadi 9 walipewa yai moja kila siku kwa miezi sita, na udumavu ulipungua kwa karibu nusu. Jaribio kama hilo Mangochi, Malawi, halikuonyesha faida hiyo ya urefu; watoto wa huko kando ya ziwa walikuwa tayari wanakula samaki kwa wingi. Kwa hiyo mama mwenye dagaa nyumbani asijione amemnyima mtoto. Wa kuwahiwa ni yule anayekula uji wa mahindi peke yake.

*Asubuhi nampa yai na chai ya rangi. Ana mwaka na nusu.*

Chai iondoe, mama. Inazuia madini ya chuma yasifyonzwe, na chuma cha kwenye yai ni kigumu kufyonzwa hata bila chai. Badala yake mpe kipande cha papai au chungwa.