Jinsi ya kumfuatilia mgonjwa anayetibiwa mzio wa chavua ya nyasi kwa sindano au vidonge

Tiba ya kuuzoesha mwili chavua ya nyasi kidogo kidogo ilichapishwa London na Leonard Noon mwaka 1911. Mwaka 1986 Uingereza iliiwekea masharti makali baada ya kukusanya taarifa za vifo 26, na wengi wa wale ambao maradhi yao yalijulikana walikuwa na pumu. Kwa sababu hiyo, katika kazi yangu ufuatiliaji huanzia kwenye kifua cha mgonjwa, kabla sindano haijaguswa.

Hatua ya kwanza: mhoji mgonjwa kabla ya kila dozi. Muulize kama amekohoa au kubanwa kifua usiku, kama ametumia dawa yake ya kuvuta mara nyingi kuliko kawaida, kama ana homa, na dozi iliyopita ilimfanyaje baada ya kufika nyumbani. Uliza pia kuhusu dawa mpya, ukitaja kwa jina lake matone ya macho, kwa kuwa wagonjwa wengi hawayahesabu kuwa ni dawa, ilhali matone ya presha ya jicho ya jamii ya beta bloka yanaweza kuzidisha pumu na kudhoofisha kazi ya adrenalini, dawa ya dharura ya mzio mkali. Kisha apulize kwenye kifaa cha kupimia pumzi, nawe ulinganishe namba na ile bora aliyowahi kupata. Namba ikiwa imeshuka, ahirisha dozi hata kama mgonjwa amesafiri mbali na anakusihi. Mimi mwenyewe huona ugumu wa kumrudisha mtu, lakini ninamrudisha. Kwa mjamzito, tiba haianzishwi wala dozi haipandishwi.

Hatua ya pili: soma kichupa kwa sauti mbele ya mwenzako. Hakikisheni jina la mgonjwa, nguvu ya dawa, ujazo, tarehe ya mwisho ya matumizi, na muda uliopita tangu dozi ya mwisho, kwani pengo refu hulazimu kupunguza dozi. Choma chini ya ngozi, upande wa nje wa mkono wa juu.

Hatua ya tatu: mkalishe mahali unapomwona kwa dakika zisizopungua 30. Kuwashwa viganja, kupiga chafya mfululizo, sauti kukwaruza au hofu ya ghafla vinaweza kutangulia anafilaksia, yaani mzio mkali wa mwili mzima unaoweza kuua. Ukiona pumzi inabana au presha inashuka, mchome mtu mzima miligramu 0.5 za adrenalini kwenye msuli wa paja, upande wa nje, mlaze (akishindwa kupumua akae), ita msaada, na urudie baada ya dakika 5 asipopata nafuu. Antihistamini, dawa ya kawaida ya kutuliza mzio, haichukui nafasi ya adrenalini. Uvimbe wa mkono peke yake, hata ukiwa mkubwa, upime kwa rula na uuandike. Mara nyingi hautabiri hatari ya dozi ijayo.

Anayetumia vidonge vya chini ya ulimi huweka cha kwanza kiyeyuke chini ya ulimi akiwa kliniki kwa uangalizi huohuo, kisha huendelea nyumbani kila siku. Kinywa kuwasha katika wiki za mwanzo ni jambo la kawaida. Aking'olewa jino au akipata vidonda mdomoni, asimamishe kwa muda. Chakula kikianza kukwama kooni, aache na aje achunguzwe umio.

Hatua ya mwisho huchukua miaka. Mpe daftari ajaze kila siku wakati wa msimu wa nyasi, ambao Uingereza hushika kasi Mei hadi Julai, akiandika dalili pamoja na dawa alizotumia, maana mwenye dalili chache aliyemeza vidonge vya kutuliza dalili mara mbili zaidi ya mwaka jana hajapona. Asikatishe mapema kwa kuwa msimu mmoja umepita salama: utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kuwa miaka 2 ya tiba haikutosha kubakiza nafuu mwaka mmoja baada ya kuacha, nasi huwapangia wagonjwa miaka 3.