Kabla joto la mwezi wa kumi halijafika Lubumbashi

Kuanzia mwezi wa tisa mpaka mvua zishike, joto la Lubumbashi hufanya mambo mawili: hupandisha hasira, na hufungua madirisha, njia ya wezi. Tangu miaka ya 1830 Mbelgiji Adolphe Quetelet, mtaalamu wa takwimu, aliona katika takwimu za Ufaransa kwamba watu huumizana zaidi majira ya joto, ila wizi huzidi majira ya baridi, usiku unapokuwa mrefu. Huku kwetu usiku haubadiliki sana mwaka mzima, kwa hiyo baridi isikutulize wala joto lisikudanganye. Anza na dirisha.

Antivole, yaani wavu wa nondo wa dirisha, ya vyuma vya milimita 12, vilivyoachana sentimita 12 au pungufu, inatosha. Chuma chembamba hupanuliwa kwa kriki (jeki) ya gari. Miguu yake izame ukutani ndani ya saruji. Iliyopigwa misumari kwenye fremu ya mbao hung'oka yote mara moja. Hata hivyo, antivole haizuii fimbo ndefu yenye ndoano: suruali, mkoba na simu huvutwa nje wenyewe wakikoroma. Funga wavu mgumu wa waya kwa ndani, na vitu vilale mbali na dirisha, mita mbili au zaidi. Hewa ipitie klostra (matofali yenye matundu) za juu, karibu na dari.

Antivole moja iwe na mlango mdogo wa kufunguka kutoka ndani. Umeme ukikatika watu huwasha mishumaa na mbabula (jiko la makaa), na moto ukishika, chumba kilichofungwa kila upande ni kaburi. Ufunguo utundikwe mahali ambapo mtoto anaufikia lakini ndoano haiufikii. Mbabula yenyewe isilale ndani, hata ikiwa majivu tu; moshi wake usioonekana unaua.

Taa ya jua iwekwe juu ya mlango, mita tatu hivi. Paneli ifutwe kila wiki, maana vumbi la kiangazi huifanya izimike saa nane usiku, saa ile ile unayoihitaji. Boliti zake zichomelewe, la sivyo itaibwa paneli kwanza.

Kuhusu ugomvi: lutuku (pombe kali ya kienyeji) na foleni ya maji ndivyo vya kuangalia. Wapangaji wa parseli (kiwanja kimoja) wakubaliane mapema nani anatangulia na bidoni (madumu) ngapi kwa zamu, na maji yachotwe alfajiri, kabla jua halijawa kali.