Kutoka Saidia Fundi hadi Fundi wa Matofali ya Kufungamana

Ndugu wanachama, kila kiangazi anayesafiri kati ya Iringa na Mbeya huona matanuri ya matofali yakifuka moshi, na pembeni magogo yakisubiri kutiwa motoni. Tofali la kufungamana hushindiliwa kwa mashine ya mkono kutokana na udongo na saruji kidogo, halichomwi, na kwa kuwa matofali yake huingiana kama meno, ukuta hauhitaji saruji nyingi ya kuungia. Kazi hii ipo, lakini wanaoipata haraka ni wale wanaoujua udongo.

Hatua ya kwanza, kabla hujalipa ada popote, ni kujifunza kupima udongo. Ondoa tabaka la juu lenye mizizi na mboji, chimba udongo wa chini, uchekeche, kisha uukande na maji kidogo. Tengeneza kisanduku cha mbao chenye urefu wa sentimita 60, upana wa sentimita 4 na kina cha sentimita 4, ukipake mafuta ndani, uujaze udongo huo na kuusawazisha kwa mwiko. Ukishakauka, usukume wote upande mmoja, kisha upime pengo lililobaki upande wa pili. Kadiri pengo linavyokuwa kubwa ndivyo udongo ulivyo na mfinyanzi mwingi, nao utadai saruji zaidi au kuongezewa mchanga. Kijana anayefika kwa fundi na kisanduku chake mkononi harudishwi kirahisi.

Hatua ya pili, omba kazi ya saidia fundi mahali penye mashine, na usikimbilie mpini wake. Simama na anayemwagilia. Matofali yangu ya kwanza yalipasuka kwa sababu niliyaanika juani, upepo wa Agosti ukayakausha kwa siku moja. Yafunike kivulini, yamwagiliwe kwa siku saba angalau, na yasijengewe kabla ya siku 28.

Hatua ya tatu ni cheti. Vyuo vya VETA vya Iringa na Mbeya hufundisha uashi, na aliyejifunzia kazini anaweza kuomba ujuzi wake upimwe na kurasimishwa bila kuanza masomo upya. Wakala wa utafiti wa nyumba, NHBRA, nao umewahi kufundisha vikundi vya vijana teknolojia hii.

Hatua ya nne, ungeni kikundi na mwende kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Katika asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutenga kwa mikopo isiyo na riba, 4 ni za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu. Andikeni bei ya mashine, chekeche na turubai, kwa maana andiko lisilo na hesabu huishia mezani.

Maswali ya wanachama

Shikamoo mwalimu. Niko Tukuyu, na huku mvua haituachi. Nitafyatuaje matofali?

Marahaba, mwanangu. Jenga banda kwanza, mashine ifuate. Udongo mbichi haupiti kwenye chekeche, kwa hiyo hata udongo uliochimbwa uhifadhi chini ya paa.

Mimi ni seremala wa Mafinga. Je, mbao za misonobari zimo katika ujenzi huu?

Zimo, kaka, ikiwa zimetoka katika shamba linalopandwa upya baada ya kuvunwa, kama ilivyo Sao Hill. Usipige kenchi kwa mbao mbichi, kwani zitajipinda zikiwa juu ya nyumba ya mtu. Zikaushe, na uhakikishe zimetiwa dawa ya mchwa.

Mteja anasema nyumba ya udongo ni ya kimaskini. Nimjibu nini?

Usibishane naye, dada. Loweka tofali moja lililokomaa ndani ya ndoo ya maji usiku kucha, asubuhi ulitoe mbele yake, umpe alishike mwenyewe.